Kutoka Kilwa hadi Mtwara kwa mashua ya tanga: mwongozo kamili wa safari ya kaskazi

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua tayari kutweka na kutua tanga, aliyezoea kuvuka bandari na kurudi, na sasa anataka kuifuata pwani kwa siku kadhaa mfululizo. Nimechukua kipande cha Kilwa Masoko hadi Mtwara, takriban maili 100 za baharini. Ukielekea kusini, mkono wako wa kulia utaona magenge ya mawe ya matumbawe yaliyoliwa na mawimbi kwa chini hadi juu pamebaki kama paa, kisha mikoko, kisha fungu refu la mchanga, kisha magenge tena. Vijiji viko mbalimbali. Usiku taa ni chache, na zilizopo mara nyingi ni za wavuvi wa karabai wanaohama kila baada ya saa moja, kwa hiyo usizichukue kuwa alama.

Kabla ya yote, shika jambo hili kwa sababu mengine yanalitegemea: panga kila siku kuanzia unapolala, si unapotoka. Jiulize kwanza utaingia mlango gani (njia ya kupita kati ya miamba), saa ngapi, maji yakiwa yanajaa au yanakupwa, na jua likiwa upande gani. Ukishajibu hayo, saa ya kung'oa nanga inajitokeza yenyewe. Mashua ya mbao iliyotunzwa hustahimili bahari nyingi. Isichostahimili ni mwamba, na mwamba hukutana nao unaporudi pwani, umechoka, una njaa na unataka kufika.

Chagua msimu

Kaskazi, upepo wa kaskazini mashariki, huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi, upepo wa kusini, kuanzia Aprili hadi Oktoba. Kati yake kuna tanga mbili, wakati upepo haujaamua. Kwenda kusini kunatakiwa kaskazi iliyokwisha kukaa, na kwangu hiyo ni Januari na Februari. Desemba upepo bado unayumba, na Machi unaanza kufa, ukikuacha katikati ya njia huku mkondo ukikurudisha ulikotoka.

Mkondo huo usiusahau. Maji ya bahari kuu yanayotoka mashariki hugonga pwani karibu na Rasi Delgado, kusini kidogo ya mpaka wetu na Msumbiji, yakagawanyika. Sehemu moja hupanda kaskazini mwaka mzima, ikipita Mtwara, Lindi, Kilwa na kuendelea. Wakati wa kusi mkondo huo huweza kufika maili 4 kwa saa. Wakati wa kaskazi hupungua, lakini hauachi, kwa hiyo hesabu kwamba utakula kama maili moja ya mwendo wako kila saa. Mashua inayokwenda maili 4 na nusu kwa saa, kwenye ramani inakwenda 3 na nusu.

Kwa nini basi usingoje kusi? Kwa sababu kusi ni upepo wa kupanda kaskazini. Kubisha (kwenda mshazari kinyume cha upepo) maili 100 dhidi ya kusi na mkondo wake kwa chombo kidogo ni kujitesa wewe, tanga na mabaharia wako.

Lindi na Mtwara zina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo safari hii inakwenda pamoja na mvua. Mvua yenyewe haina neno. Kinachotakiwa kuogopwa ni upepo wa ghafla unaotangulia wingu zito. Vimbunga navyo ni nadra kwetu, ila si hadithi: Kenneth kilitua Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, mwezi Aprili 2019, na Hidaya kilifika pwani yetu upande wa Mafia mwezi Mei 2024, kikaleta mafuriko Kilwa na Lindi na kukata barabara ya kwenda Dar es Salaam. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa bahari. Usome jioni, usome tena alfajiri. Ukitajwa upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, siku hiyo ni ya kushona tanga.

Soma mwezi kabla ya kusoma upepo

Watu wa bara huuliza upepo. Wa pwani huuliza leo mwezi ngapi, na swali hilo ndilo kubwa zaidi katika safari hii.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, kiasi cha tarehe 7 na 22 za mwezi mwandamo, ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Katika pwani yetu bamvua hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukiyajua hayo mawili unaweza kutengeneza jedwali lako kichwani, ingawa lililochapishwa ni bora, na ulibebe.

Sasa angalia jinsi bamvua inavyokufaa. Saa kumi na mbili asubuhi maji yanakupwa, yanakutoa bandarini. Wakati huo upepo ulioko ni umande, ule wa taratibu unaotoka nchi kavu, nao unakusukuma nje vilevile. Mchana maji yanageuka na kuanza kujaa. Ukifika mlangoni kati ya saa saba na saa nane, yanajaa bado, na ukigusa mchanga utaelea tena baada ya dakika chache. Maji mafu yanakwenda kinyume: saa nane mchana yanakupwa, na ukigusa ndiyo umepwelewa.

Kwa hiyo ondoka Kilwa tarehe 13 ya mwezi mwandamo na ulenge kumaliza kabla ya tarehe 20. Siku za mwezi mpevu zina faida ya ziada kuliko zile za mwezi mchanga, kwani ukichelewa, usiku una mwanga.

Kujua maji yamefika wapi kati ya kupwa na kujaa, tumia hesabu ya mafungu kumi na mawili. Tuseme tofauti ya kupwa na kujaa siku hiyo ni mita 3.6. Gawa kwa 12, unapata sentimita 30. Saa ya kwanza maji hupanda fungu moja, yaani sentimita 30. Saa ya pili mafungu mawili, 60. Saa ya tatu na ya nne mafungu matatu kila moja, 90 na 90. Saa ya tano 60, ya sita 30. Maana yake saa mbili za katikati ndizo zenye nguvu: milango myembamba hukimbia kama mto, na mashua yenye upepo hafifu haitapita dhidi yake.

Kuna tahadhari moja ambayo wengi huijua baada ya kuumia. Ukipanda fungu wakati maji yamejaa kabisa siku ya kilele cha bamvua, kujaa kunakofuata kutakuwa kudogo, na kunakofuata kudogo zaidi. Unaweza kungoja wiki mbili bamvua ijayo ikuelee. Siku za kilele, saa ya maji kujaa, usijaribu njia usiyoijua.

Andaa chombo

Mashua ya mita 6 hadi 8 inatosha, ikiwa na watu watatu au wanne. Ngalawa inaweza safari hii pia, kwa mwenye ujuzi na siku nyingi, lakini haina mahali pa kulala wala pa kuweka vitu vikavu.

Wiki mbili kabla, ipandishe mashua ufukweni. Choma sehemu ya chini kwa moto wa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao, safisha, kisha pitia kila mshono. Kalafati (pamba inayoziba mishono) iliyolegea itoe yote, usiongeze pamba juu ya pamba iliyooza. Pita karibu na mkuku (uti wa chini wa chombo) na mahali mbao zinapokutana na hanamu (mbao ya mbele kabisa), kwani hapo ndipo mawimbi ya mbele hufungua mishono. Paka shahamu (mafuta ya mnyama) na chokaa chini, sifa (mafuta ya papa) au mafuta mengine juu. Ukimaliza, ishushe ikae majini siku mbili kabla ya kupakia. Mbao lazima zinywe maji na kuvimba. Mashua iliyokauka ikitoka moja kwa moja baharini huvuja kila mahali, na utaifikiria mbovu kumbe ina kiu.

Usukani ukague kwa mikono, si kwa macho. Shika kana (mpini wa usukani) uitikise: ukisikia mchezo kwenye vyuma vinavyoushikilia kwenye fashini (mbao ya nyuma kabisa), badilisha. Beba kamba na ubao wa kutengeneza usukani wa dharura, au kasia refu linaloweza kufungwa nyuma.

Beba matanga mawili, kubwa na dogo. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu vijana wengi husafiri na moja. Tanga letu la pembetatu halipunguzwi kirahisi upepo ukishakukuta. Kinachowezekana ni kulitua na kufunga dogo kwenye foromali (boriti inayobeba tanga), tena mapema, bahari ikiwa bado inaruhusu mtu kusimama. Kamba ya kutwekea ibadilishe kama ina zaidi ya msimu mmoja.

Farumi, uzito wa kutuliza chombo, iwe mifuko ya mchanga, si mawe. Mifuko inakaa mahali pake mashua ikilala, haitoboi mbao, na siku ukipanda fungu unaitupa nje chombo kikaelea.

Nanga ziwe mbili: ya makombe kwa mawe, na baura kwa mchanga na matope. Kamba ya kila moja isipungue mita 40. Kwenye mwamba, mita tano za mwanzo ziwe mnyororo, maana matumbawe hukata kamba kama msumeno.

Vya kubeba

Maji ya kunywa lita 4 kwa mtu kwa siku, na akiba ya siku tatu zaidi ya unazodhani, katika madumu madogo mengi badala ya pipa moja. Unga, mchele, tende, ndimu, nazi, chumvi. Samaki utanunua au utavua. Jiko la mkaa liwekwe ndani ya sanduku la mchanga na lifungwe. Upondo, makasia mawili, ndoo mbili za kufulia (kutolea) maji chomboni pamoja na kata. Bildi ya kupimia kina, hata kama ni risasi ya wavuvi kwenye kamba yenye mafundo kila mita. Dira. Simu mbili za mitandao tofauti ndani ya mifuko isiyopitisha maji, na betri ya akiba. GPS ya simu ni nzuri kukuonyesha uko wapi, ila ramani zake hazijui kila fungu, na mafungu ya mchanga huhama. Redio ya VHF ukiweza kuipata ni bora kuliko simu, kwa kuwa sehemu nyingi za njia hii mtandao unakatika. Chaneli ya dharura ni ya 16.

Jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, na livaliwe, lisifanywe mto wa kulalia. Mzee anayejua kuogelea kuliko samaki naye avae. Ukilazimika kumwambia, mwambie kwa adabu: "Mzee wangu, nivalie ili na hawa vijana wavae."

Hakikisha chombo kimesajiliwa na kukaguliwa. Usalama wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Mwachie mtu wa nchi kavu karatasi yenye majina ya waliomo, rangi ya mashua na tanga, vituo vyote, na saa utakayopiga simu kila jioni. Mkubaliane afanye nini asipokusikia kwa siku moja, na afanye nini kwa siku mbili.

Asubuhi na njia

Toka alfajiri. Mdomoni mwa bandari, maji yanayotoka yakikutana na kaskazi iliyokwisha amka, mawimbi husimama wima na kuvunjika juu ya omo (mbele ya chombo). Saa kumi na mbili kaskazi bado imelala, na mdomo uleule ni shwari.

Ukishatoka, jitenge. Pwani hii inatazama mashariki, na kaskazi inatoka baharini kuja nchi kavu kwa mshazari. Yaani upepo unaokupeleka mbele ndio huo huo unaokusukuma mwambani. Kaa maili 3 nje ya mstari wa mawimbi yanayovunjika. Fikiria hivi: foromali ikivunjika, mashua itaelea kwenda ufukweni kama maili moja kwa saa. Ukiwa maili 3 nje, una saa tatu za kutengeneza. Ukiwa nusu maili kwa sababu unapenda kuangalia mikoko, una nusu saa, na nanga haitakusaidia, kwa kuwa nje ya mwamba kilindi huanza ghafla na kamba yako haifiki chini.

Kuelekea kusini upepo utakujia nyuma, upande wa kushoto. Legeza demani (kamba ya kuvutia tanga), tanga liende nje upande wa kulia, na mshika kana asiruhusu upepo uhamie nyuma kabisa. Ukihamia, tanga litapigwa kinyume, foromali itabanwa na mlingoti, na hapo ama kamba inakatika ama mlingoti. Mbele ya wimbi kubwa mashua hutaka kugeuka ubavu, kwa hiyo mwenye kana aangalie nyuma mara kwa mara, na abadilishwe kila saa mbili.

Kugeuza tanga kwenda upande wa pili hufanywa kwa kuzungusha chombo kupitia upepo wa nyuma, si kupitia omo. Watu watatu wanatosha kama kila mmoja anajua kazi yake. Nahodha anatangaza. Mmoja anafungua demani na kuiacha kabisa. Wa pili yuko mlingotini: anaisimamisha foromali wima, anaipitisha mbele ya mlingoti, na kulipeleka tanga upande mpya. Nahodha anaendelea kugeuza taratibu. Demani inakazwa tena pale tu foromali imetulia. Makosa hutokea mtu wa demani anapoikaza mapema. Lifanyeni zoezi hili mara ishirini bandarini Kilwa kabla ya safari, mpaka lifanyike bila kelele.

Wingu jeusi likisimama upande wa joshi (unakotoka upepo) na bahari chini yake ikibadilika rangi, tua tanga sasa hivi. Usingoje kuthibitisha. Ukikosea, umepoteza robo saa.

Kuingia mlangoni

Hapa ndipo mwongozo wote unapoelekea.

Milango ya pwani hii unaiingia ukielekea magharibi, na jioni jua liko magharibi. Kuanzia saa tisa unusu maji mbele yako yanakuwa kioo kitupu. Mwamba ulio nusu mita chini huuoni mpaka uusikie. Mimi niliusikia. Nilikuwa kijana, tulichelewa kutoka, na nikaamua kuingia saa kumi na moja kwa kuwa mlango ule niliupita mwaka uliotangulia. Maji yalikuwa yamekwisha anza kupwa. Tulikaa ubavu juu ya matumbawe usiku kucha, kila wimbi likituinua na kututua, na asubuhi usukani haukuwepo. Nahodha mzee aliyekuja kutuvuta hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Jua lilikuwa wapi, mwanangu?"

Tangu hapo nina saa ya mwisho. Saa nane ikinipata niko mbali na mlango nisioujua vizuri, siuingii. Natafuta kituo cha karibu zaidi, au nabaki nje usiku kucha na tanga dogo, nikijitenga hadi maili 5 au 6, kisha naingia asubuhi jua likiwa mgongoni. Usiku baharini unachosha, lakini chombo kinabaki kizima.

Ukiwa ndani ya muda wako, fanya hivi. Tua tanga kubwa ukiwa bado maili moja nje, weka dogo. Mtu mwenye macho mazuri apande mlingotini au asimame omoni. Andaa nanga, kamba ikiwa wazi. Simama kwanza nje ya mlango, utazame mawimbi matano au sita yakipita: yanapovunjika kila mara ni mwamba, yanapovunjika mara moja moja ni fungu la chini kidogo, yanapopita bila kuvunjika ndipo njia ilipo. Kisha soma rangi. Buluu iliyokoza ni kilindi. Kijani ni mita chache zenye mchanga chini. Nyeupe ni mchanga wa karibu sana. Hudhurungi au manjano chafu ni mwamba au majani, na kwa kuwa huwezi kutofautisha, vyote viwe mwamba. Kivuli cha wingu hudanganya, lakini kivuli hutembea.

Bildi ifanye kazi muda wote, na anayepima aseme kwa sauti. Kama kuna wavuvi, waite, waamkie, uwaulize njia. Swali lisiwe "hapa panapitika?", maana kwa ngalawa yake panapitika. Mwambie mashua yako inakula maji kiasi gani, umwonyeshe kwa mkono kifuani.

Kutia nanga

Hesabu kwa maji ya kujaa, si ya sasa. Ukitia nanga maji yakiwa yamepwa penye mita 2, na tofauti ni mita 3.6, usiku utakuwa juu ya mita 5.6. Kamba iwe mara tano, yaani mita 28. Kisha geuza hesabu: maji yakipwa, mashua itazunguka duara la mita 28, je, ndani ya duara hilo kuna jiwe? Kama huna hakika, tia nanga ya pili upande wa nyuma.

Ndani ya mahori (mikono ya bahari) ya mikoko matope hushika vizuri na upepo haufiki. Mbu wanafika. Beba chandarua.

Ukishatulia, nenda nchi kavu kabla giza halijaingia. Jitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji au kitongoji, eleza mnatoka wapi na mnakwenda wapi. Shikamoo kwa wakubwa, na usiwe na haraka; mazungumzo ya nusu saa chini ya mwembe yatakupa habari za mlango unaofuata ambazo hakuna ramani inayo.

Vituo

Siku ya kwanza iwe fupi. Toka Kilwa Masoko, upite Kilwa Kisiwani hadi Songo Mnara, takriban maili 10, ulale hapo. Utagundua kilichosahaulika ukiwa bado karibu na duka. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yamo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1981, na kuyaona kutoka majini, kama walivyoyaona mabaharia wa zamani waliokuja na kaskazi hii hii, ni jambo ninalokutakia.

Siku ya pili Songo Mnara hadi Kiswere, kama maili 25. Kwa maili 3 na nusu kwa saa ni saa saba: ukitoka saa kumi na mbili asubuhi, unafika saa saba mchana. Kiswere ni ghuba inayoingia ndani, ina hifadhi nzuri, na kwangu ndicho kituo bora cha njia yote. Upepo ukikataa, kaa hapo siku mbili.

Kiswere hadi Mchinga ni kama maili 20, na Mchinga hadi Lindi kama 17. Ghuba ya Mchinga inatazama baharini na mawimbi ya kaskazi huingia, kwa hiyo sogea ndani kadiri maji yanavyoruhusu. Ghuba ya Lindi nayo ni pana mdomoni. Usitulie hapo nje. Endelea mpaka hori la ndani, kati ya mji na Kitunda, ambako mto Lukuledi unamwaga maji yake. Ingia na maji yanayojaa, kwani yakitoka pamoja na ya mto hutayashinda. Lindi ni mahali pa kupumzika siku nzima, kujaza madumu na kukagua kamba.

Kutoka Lindi ndiyo asubuhi ngumu kuliko zote, kwa sababu ghuba unaitoka ukielekea kaskazi yenyewe. Lazima umande ukutoe. Ukiukosa, utabisha saa nyingi ghubani na kurudi palepale. Baada ya hapo pwani inapinda kuelekea kusini mashariki, na kaskazi inakuja ubavuni, ikikusukuma moja kwa moja ufukweni. Ongeza umbali, kaa maili 4 nje. Kama maili 20 mbele iko Sudi, hori lenye mikoko na mlango mwembamba. Uingie jua likiwa juu tu. Kutoka Sudi hadi Mikindani ni nusu siku. Ghuba ya Mikindani karibu imezungukwa na nchi kavu pande zote, na maji yake ya ndani hutulia hata nje kukichafuka.

Mambo yakiharibika

Mashua ikijaa maji, tua tanga kwanza, halafu fua maji. Ikipinduka, kaeni nayo wote. Mbao huelea, tupeni farumi, na kichwa kinachoelea peke yake baharini hakionekani hata kwa boti iliyo karibu. Hesabuni watu kwa sauti. Ukipwelewa, peleka nanga mbali upande wa kilindi kabla maji hayajaondoka, egemeza mashua ilale upande wa nchi kavu, ziba ubavu wa chini kwa magunia yasipige matumbawe, ungoje. Ukihitaji msaada, ita chaneli ya 16. Kuna kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji majini Dar es Salaam. Wavuvi wa kijiji cha karibu ndio watakaofika kwanza, na ndiyo sababu nyingine ya kujitambulisha kila jioni.

Mtwara

Mlango wa bandari ya Mtwara ni mwembamba na wa kina, na meli kubwa huutumia. Pita pembeni, usikate mbele ya meli hata ikionekana mbali. Ng'ambo ni Msangamkuu, ambako wavuvi watakuonyesha pa kukaa.

Ishia hapo. Mbele yako ni Msimbati, hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na mdomo wa Ruvuma, kisha mpaka. Cabo Delgado ina vita tangu Oktoba 2017, na chombo kidogo kisichojulikana kikionekana katika maji yale kinawatia watu hofu, wanajeshi na wavuvi vilevile.

Piga simu uliyoahidi. Toa farumi, pandisha mashua ufukweni kwenye bamvua inayofuata, osha tanga kwa maji baridi na ulikaushe kabla ya kulikunja. Kurudi Kilwa usirudi Mei wala Juni, kusi ikiwa kali. Ngoja Septemba, upepo ukiwa umepoa na mkondo ukikupeleka nyumbani.